Nilishindwa Kupumua Ziwani, Wote Wanasema ni Woga

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 48. Kuogelea nimejifunza ukubwani, huu ni mwaka wa tatu, na bwawani sina shida: mita 1,500 namaliza kwa dakika 38 bila kusimama. Baiskeli na mbio ndiyo usiseme. Kwa hiyo mimi na mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 41, tulipojiandikisha kwa triathloni ya masafa ya Olimpiki, yaani mita 1,500 za kuogelea ziwani, kilomita 40 za baiskeli na 10 za kukimbia, sikuona cha kuogopa. Zimebaki wiki sita.

Mama yetu alifariki ghafla akiwa na miaka 56. Ilikuwa moyo. Mwaka huu anatimiza miaka kumi tangu aondoke, na tuliahidiana kwamba tutamaliza mashindano haya pamoja kwa jina lake. Mdogo wangu ameshachapisha fulana zenye picha yake.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda kwenye zoezi la ziwani. Maji yalikuwa nyuzi 17. Kocha alituhimiza tunywe maji ya kutosha kabla, nikanywa kama lita moja na nusu ndani ya saa moja. Suti ya mpira niliiazima kwa mdogo wangu. Yeye ni mwembamba kuliko mimi, lakini zipu ilifunga. Mwanzo baridi ilinishtua, halafu ikatulia, nikawa naenda vizuri. Nilipopita boya la kwanza, kama mita 300 hivi, pumzi ikaanza kukataa. Mikono haikuwa imechoka; hewa ndiyo haikutosha. Nikageukia mtindo wa chura, wapi. Nikainua mkono, kijana wa kayaki akaja, nikaishika kwa mikono miwili. Nilikaa pale dakika tano nzima na bado nilikuwa nahema kama mtu aliyekimbizwa. Ufukweni kocha aliniuliza maswali, nikawa namjibu neno moja moja.

Nilikohoa mpaka usiku. Kifua kilikuwa kinatokota, hata baba watoto alikisikia. Nililalia mito miwili, maana nikijinyoosha kikohozi kinazidi. Makohozi yalikuwa na povu, na mara mbili yalikuwa na rangi ya waridi hafifu. Nilidhani nimejichubua koo kwa kukohoa, na kweli maji nilikuwa nimeyameza mafunda mawili. Kesho yake jioni nilikuwa mzima.

Mdogo wangu anasema ni woga wa ukubwani, nisiutilie maanani. Kocha anasema nirudi majini upesi kabla woga haujaota mizizi. Baba watoto anasema nisikanyage ziwa tena, na ametishia kumpigia shemeji yake amwambie fulana atavaa peke yake. Tangu siku hiyo hatuongei vizuri nyumbani.

Niongeze kwamba nina presha. Nikipima huwa 145 kwa 92 hivi. Nimepewa vidonge vya kukojoza, ila siku za mazoezi naviruka kwa sababu ya kukimbilia choo. Kingine ninachomeza ni mafuta ya samaki, kwa ajili ya magoti. Sioni kama yanahusika, lakini nimeona nisifiche kitu.

Je, nirudi majini nipambane na woga wangu, au nimvunjie mdogo wangu ahadi? Naona aibu hata kuuliza.

Niliyeshika Kayaki

*

Dada yangu Uliyeshika Kayaki,

Aibu tuiweke kando kwanza. Ulipoinua mkono hukuvunja heshima yako wala kanuni yoyote. World Triathlon, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani, kinamruhusu mshindani kuelea, kusimama chini panapofikika, au kushika boya au chombo kilichotulia apumzike, mradi kisimsogeze mbele. Ulifanya kile ambacho waokoaji humwomba kila mtu akifanye, na ambacho wengi hukiahirisha mpaka mkono hauinuki tena.

Sasa swali lako. Umeliweka kama njia panda: upambane na woga, au uvunje ahadi. Nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nakwama kwenye neno hilohilo, woga. Mdogo wako analitumia kukutia moyo, kocha kukuharakisha, nawe kujilaumu. Hata baba watoto, anayetaka uache, hajalipinga. Naona hakuna aliyeuliza kama ulikuwa woga kweli.

Mambo yanayomnyang'anya mtu pumzi kwenye maji ya wazi yanafanana kwa nje, lakini ukiyatazama kwa saa yanaachana. Mshtuko wa baridi huja sekunde za mwanzo: ngozi ikipoa ghafla mtu anavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, anahema harakaharaka, moyo unakimbia. Ndani ya dakika mbili tatu unakuwa umepungua sana. Huo ulikupata na umeueleza vizuri, ulikuja ukatulia. Taharuki nayo ina njia yake. Mtu anapigwa teke, au anatazama chini haoni kitu, anabana pumzi uso ukiwa majini badala ya kuitoa, hewa ukaa inajikusanya mwilini na mwili unapiga kelele kwamba unakufa. Mtu huyo akishika boya, akalala chali na kutoa pumzi ndefu, mara nyingi baada ya dakika chache anaweza kuzungumza. Kinachobaki ni kutetemeka.

Wewe dakika tano za kushika kayaki hazikukurudishia pumzi. Ufukweni sentensi nzima ilikushinda. Usiku ukahitaji mito miwili. Woga hautoi makohozi, dada yangu, sembuse ya waridi.

Kuna hali nyingine ambayo waogeleaji wengi hawajawahi kuisikia, na makocha wengi pia. Kitaalamu huitwa SIPE, yaani mapafu kujaa majimaji kwa sababu ya kuogelea. Mtu akiwa anaogelea, majimaji ya damu huvuja kutoka kwenye mishipa myembamba ya mapafu na kuingia kwenye vifuko vya hewa. Si maji ya ziwa hayo, ni ya mwili wenyewe. Ukiwa majini, uzito wa maji unaikamua miguu na damu inapanda kuelekea kifuani. Baridi inabana mishipa ya ngozi na kuongeza nyingine. Suti inayobana inaongeza tena. Moyo, ambao wakati huohuo unasukuma damu ya mazoezi, unaelemewa. Shinikizo kwenye mishipa ya mapafu linapanda na majimaji yanapenya, wakati mwingine pamoja na chembe za damu. Ndipo linapotoka lile povu la waridi, na ule mlio wa kutokota. Kwa kawaida hali hii hutulia yenyewe ndani ya saa 24 hadi 48, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, maana mtu anaamka mzima, haendi hospitali, na wiki inayofuata yumo majini. Ina tabia ya kurudi, na imewahi kuua.

Ulisema huoni kama mengine yanahusika. Hebu tuyatazame. Uchunguzi wa wanatriathloni uliochapishwa Marekani mwaka 2010 uliona dalili hizi zikiambatana zaidi na wenye presha, wanawake, wanaoshindana masafa marefu, na wanaomeza mafuta ya samaki. Hilo la mwisho ni uhusiano tu, halijathibitishwa kuwa chanzo, lakini ni vyema daktari alijue. Kunywa maji mengi kwa mkupuo kabla ya kuogelea hutajwa pia, kwa sababu ni ujazo mwingine juu ya damu ambayo tayari imejazana kifuani. Weka hapo suti ya mtu mwembamba, nyuzi 17, na kidonge ulichokiruka asubuhi hiyo, kidonge ambacho kazi yake ni kupunguza ujazo huohuo. Ulikwenda kwenye zoezi moja ukiwa umeyabeba karibu yote.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Barua haina kifaa cha kusikiliza kifua. Maji uliyoyameza, kama mengine yalipita njia ya hewa, yanaweza pia kuleta kikohozi cha usiku kucha. Na moyo wenyewe ukiwa na kasoro unaweza kujaza mapafu namna hiyohiyo, jambo ambalo kwa historia ya mama yenu silipiti haraka. Ninachosema ni kwamba swali lako la woga au ahadi lina swali jingine mbele yake, na hilo linajibiwa na daktari. Kabla ya jibu hilo nakuomba usirudi majini, hata bwawani.

Ukienda, usiseme "nilipata woga nikakosa pumzi". Mpe saa na vipimo kama ulivyonipa mimi: ilianza mita ya 300, dakika tano haikutulia, povu la waridi mara mbili, mito miwili, saa ngapi ilikwisha. Mwambie umri wa mama alipofariki. Ataamua vipimo, lakini si ajabu akataka presha ya siku kadhaa, ECG (kipimo cha umeme wa moyo), eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na pengine kipimo cha moyo ukiwa kwenye mazoezi. Akikupiga picha ya kifua leo ikatoka safi, isikufanye useme "basi ulikuwa woga"; baada ya wiki mbili mapafu yangekuwa yameshajisafisha kwa vyovyote.

Kuhusu vidonge, usiviruke wala usivibadilishe kwa uamuzi wako. Mwambie daktari wazi kwamba unaviacha na kwa nini, kisha mwambie unashindana. Watu wengi wa rika letu hawajui kwamba dawa za kukojoza zimo kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, hata kwa mtu anayezimeza kwa ajili ya presha tu. Pengine akakupa dawa ya aina nyingine, ambayo itakuondolea na mbio za chooni, au akakusaidia kuomba ruhusa ya kuendelea na vidonge hivyo kwa ajili ya matibabu.

Kocha wako simlaumu. "Rudi upesi" ni ushauri mzuri kwa mtu aliyetaharuki. Kwa mtu ambaye mapafu yake yalijaa, ni hatari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipitia vifo na matukio ya moyo kusimama katika triathloni za Marekani kuanzia 1985 hadi 2016. Yalikuwa 135, na 90 kati yake yalitokea majini, ingawa kuogelea ndiyo sehemu inayochukua muda mfupi kuliko zote. Kwa wingi wa washiriki ni wachache, 1.74 kwa kila 100,000, na wengi mno walikuwa wanaume. Mwambie na baba watoto namba hizo, zitamtuliza kidogo. Lakini kati ya wale ambao miili yao ilichunguzwa, 44% walikutwa na kasoro ya moyo au mishipa. Moja ya maelezo yanayotolewa ni kwamba maji baridi huupa moyo amri mbili kwa wakati mmoja: ngozi iliyoshtuka inauambia ukimbie, na uso uliozama unauambia upunguze. Moyo mzima kwa kawaida huvumilia vurugu hiyo. Wenye kasoro iliyojificha unaweza kupoteza mapigo.

Tuseme sasa daktari amekupima akakuruhusu. Wiki sita zitakuwa zimebaki nne, pengine tatu. Njia ya kwanza ni kuendelea. Ukiichagua, kuna jambo moja la bwawani ningependa ulitazame upya. Unasema unaogelea mita 1,500 bila kusimama. Kama bwawa lenu ni la mita 25, hizo ni njia 60 na kuta 59, na kwenye kila ukuta unajisukuma kwa miguu, unateleza mita kadhaa mikono imepumzika, na pumzi inajipanga upya. Ziwani hakuna ukuta hata mmoja. Jaribu kugeuka mita mbili kabla ya ukuta bila kuugusa, kwa dakika kumi tu, uone pumzi inavyobadilika. Hapo ndipo pa kuanzia.

Suti tafuta ya kwako. Ivute kwanza mpaka isiache nafasi kwenye mapaja ya juu, maana ikibaki chini huko, mabega yanaivuta shingo, na kola ndiyo itakayokukaba. Zipu ikiwa imefungwa, vuta pumzi mpaka mwisho ukiwa umesimama. Kifua kikigota kabla pumzi haijaisha, suti hiyo si yako. Ukiingia majini, vuta kola kwa kidole, maji yaingie mpaka kifuani, kisha tulia. Baridi nayo huzoeleka upesi kuliko watu wanavyodhani: kuingia majini mara tano sita kwa dakika tatu tatu, kwa siku tofauti, kunaweza kupunguza ule mshtuko kwa karibu nusu. Iwe na mtu pembeni, usiwe peke yako.

Siku yenyewe ingia majini mapema uyazoee. Kama waandaaji hawaruhusu, lowesha uso na shingo. Simama pembeni na nyuma, sio katikati ambako ndiko mateke yalipo. Mita 200 za mwanzo ziwe za polepole kuliko unavyoona haya. Na kikohozi kikianza au pumzi ikikataa bila mikono kuchoka, siku hiyo imekwisha: mkono juu, utoke, suti ivuliwe, ukae wima usilazwe, uombe oksijeni, uende hospitali usiku huohuo. Hatari ya njia hii ni kwamba ukishakuwa umevaa fulana ya mama, hutataka kuinua mkono. Ujiulize hilo kwa ukweli ukiwa nchi kavu.

Njia ya pili ni kupokezana. Mashindano mengi yana kundi la timu, mmoja anaogelea na mwingine anachukua baiskeli au mbio. Kinachopokezwa ni kile kifaa cha kupimia muda kinachofungwa mguuni. Mdogo wako akiogelea, wewe ukachukua baiskeli, jina la mama linafika mwisho likiwa limebebwa na wote wawili. Shida yake ni kwamba inaweza kukuachia hisia ya kuwa ulipewa nusu, na hisia hiyo isipozungumzwa huja kuoza baadaye. Waulize waandaaji kama bado wanaruhusu kubadilisha.

Njia ya tatu ni kungoja msimu mmoja, presha ikiwa imetulia. Miaka kumi ya mama itapita, ndiyo. Ya nne ni ile ya baba watoto, kuacha maji ya wazi kabisa, na wako waliopatwa na hali hii mara kadhaa wakaamua hivyo, wakahamia mashindano ya mbio na baiskeli tu. Ila nadhani uamuzi huo ukitolewa kwa vitisho vya simu hautadumu. Yeye alikisikia kifua chako kikitokota usiku ule. Labda ndiye peke yake katika kisa hiki aliyeshika ushahidi sikioni, akashindwa tu kuusema kwa lugha nyingine isipokuwa amri. Mwombe muende naye kwa daktari, aeleze alichosikia.

Na mdogo wako. Unaogopa kumvunjia ahadi, nami naelewa, fulana zimeshachapishwa. Lakini mama aliyefariki kwa moyo akiwa na miaka 56 ni mama yake pia, na mahali pote katika barua yako sikuona kama naye amewahi kupimwa. Miaka 41, masafa yaleyale, maji yaleyale. Unapopiga simu kuomba miadi, omba miwili.

Wako,
Mshauri